Nyumba ya Magurudumu kwenye Kiwanja cha Kaka

Kwenye orodha yangu ya vifaa kulikuwa na pimamaji, lakini hakukuwa na kaka yangu.

Orodha hiyo niliiandika kwa miezi minne. Nilikuwa nimenunua gari kuukuu la kusambazia mikate, refu kiasi cha mtu kusimama ndani bila kuinama, na nilikuwa nimekata shauri kuligeuza nyumba. Ningeishi humo miezi mitatu bila nguzo ya stima, bila mfereji wa maji na bila mwenye nyumba wa kunipigia mlango, nikimalizia kitabu ambacho nimekuwa nikikimalizia tangu nilipokuwa na nywele. Nilitazama video nyingi za watu wa nchi za mbali wanaoishi hivyo. Wote walikuwa na mbwa na wote walikuwa wakitabasamu. Kila mmoja alitaja kifaa ambacho bila hicho mtu asithubutu kutoka kwake, nami nikakiandika. Paneli mbili za sola juu ya paa. Betri kubwa ya kuhifadhi umeme. Tangi la maji la lita mia moja na pampu yake ndogo. Mtungi wa gesi na jiko. Friji yenye ukubwa wa kreti ya soda. Choo cha kubebeka. Turubai la kukunjua ubavuni ili mtu akae kivulini na kahawa yake. Na pimamaji, ile ya waashi, yenye tone la hewa ndani ya kioo, kwa sababu friji ya aina ile haitaki kuinamishwa, na mimi pia sipendi kulala miguu ikiwa juu kuliko kichwa.

Fundi wa jua kali aliyenifungia hayo yote alinionya jambo moja tu. "Mzee, betri ya kuwashia injini usiichanganye na ya nyumba. Tuweke kidude hapa katikati cha kuzitenganisha. La sivyo zitaisha pamoja."

"Tutakiweka baadaye," nilimwambia. Pesa zilikuwa zimeishia kwenye turubai, na turubai lilikuwa na mistari ya buluu.

"Sawa, profesa," alisema. Mimi si profesa, naye alijua.

Mke wangu aliliangalia gari, akauliza choo kitamwagwa wapi, akasema ana nyumba yenye choo kisichobebeka na atanisubiri humo.

Kulikuwa na sababu nyingine ya gari lile ambayo sikuiandika popote. Kwetu ni Uriri, Uluoni. Mwanamume aliyeoa halali katika nyumba ya mama yake. Akija nyumbani hulala katika nyumba aliyoijenga mwenyewe ndani ya boma, na nyumba hizo zina zamu: mkubwa hujenga kwanza, kisha anayemfuata. Kwetu, ukisimama mlangoni kwa Mama na kutazama lango, upande wa kulia ni wa mwana wa kwanza na wa kushoto ni wa mwana wa pili. Mimi ni wa pili. Kaka yangu alikuwa hajajenga, kwa hiyo mimi nisingeweza kujenga, na kwa miaka zaidi ya ishirini nilijikinga na sheria hiyo kama mtu anavyojikinga na jua chini ya mti wa jirani. Watu wakiniuliza nitajenga lini, nilijibu kwa unyenyekevu, "Siwezi kumruka kaka." Ilisikika kama adabu.

Nikija nyumbani nililala hoteli mjini Migori, nikafika kwa Mama saa nne asubuhi nikinukia sabuni ya wageni. Kaka yangu, ambaye hana mambo ya hoteli, alikuwa akija asubuhi kutoka Awendo anakoendesha trekta la kuvuta miwa, na kabla jua halijazama ameshaondoka. Baba alikufa zamani. Mama alikuwa na wana wawili wenye ndevu nyeupe, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiamkia kwake.

Basi nikaona nimevumbua kitu. Gari halina msingi wala nguzo. Ningelala nyumbani bila kujenga, sheria ibaki mahali pake na mimi mahali pangu. Nilipanga nikae kwa Mama siku tano za kujaribu vifaa, kisha niende Homa Bay, ufukoni mwa ziwa, kule unakokiona kisiwa cha Takawiri.

Nilifika kutoka Nairobi Alhamisi alasiri, mwezi wa nane. Mama alikuwa akianua mahindi. Boma letu limekaa mteremkoni, na nilizunguka na pimamaji mkononi nikiiweka chini hapa na pale kama daktari anayetafuta mapigo. Kila mahali tone lilikimbilia upande mmoja. Kisha, upande wa kulia, karibu na lango, likatulia katikati kabisa. Nilifurahi kama mtu aliyechimba kisima akapata maji.

Mama alikuja akipangusa mikono kwa leso. "Hapo?"

"Hapa pako sawa kabisa, Mama. Tazama." Nilimwonyesha tone. Alilitazama kwa heshima, jinsi anavyotazama vyeti vyangu.

"Na utalala humo?"

"Ni gari tu, Mama."

Alinitazama kidogo, kisha akatazama lango, akasema maana hasa ya gari ninaijua mimi niliyesoma. Nilichukua hiyo kuwa ruhusa. Nikakunjua turubai.

Watoto wa jirani walifika langoni kuulizia mikate, kwa sababu picha ya mkate bado ilionekana chini ya rangi mpya. Niliwaonyesha choo cha kubebeka. Mama naye aliuliza swali lile lile la mke wangu. Aliendelea na kazi zake: maji ya mvua katika tangi lake, kuni zake zikiwa kavu chini ya ghala, taa yake ya sola, ndogo kama sahani, ikichomwa na jua juu ya paa. Mwanamke huyo hajawahi kulipia stima maishani mwake. Haikunipitia akilini kumwomba aikague orodha yangu.

Ijumaa asubuhi nilikaanga mayai. Mama alisimama nje ya mlango wa gari, hakuingia.

"Umepika," alisema.

"Karibu, Mama."

"Jana umelala, leo umepika." Alikuwa akihesabu kwa vidole, taratibu. "Mwanangu, penye kitanda na moto ni nyumba. Mimi sijui magurudumu."

Tulikuwa tukizungumza Kiluo, na kwa Kiluo neno lenyewe ni zito zaidi. Nilianza kumweleza, nikitumia sauti ninayotumia darasani. Aliniacha nimalize.

"Kaka yako anakuja kesho na mabati," alisema. "Anajenga. Aliniambia amekueleza yote na wewe umekubali. Nilipokuona umeingia jana, nikajua umekuja kusimama naye. Ulipoweka gari hapo, nikadhani labda mmeelewana jambo nisilolijua. Usiku nimelifikiria, nikaona hapana. Hakuna watu wa kuelewana mdogo atangulie kulala kwenye kiwanja cha mkubwa."

Nilimwambia hakunieleza chochote. Kisha nikakumbuka.

Wiki sita au saba kabla yake, kaka yangu alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, wa dakika tatu. Sikuusikiliza. Niliona jina lake na urefu wa ujumbe, nikadhani ni ombi la pesa, maana hata watu wasioomba tunawadhania hivyo tukishakaa mbali nao. Nilikuwa nikitazama video ya namna ya kupoza betri. Nilimjibu kwa picha ya dole gumba.

"Na hapo unapasifia kuwa pako sawa," Mama alisema, "unafikiri Mungu ndiye aliyepachonga?"

Kisha akaniambia habari ambayo niliijua nusu, na hiyo nusu nilikuwa nimeiweka mbali. Mwaka nilioingia chuo kikuu, kaka alikuwa akikata miwa Awendo. Kila Jumapili alikuja na jembe kusawazisha kiwanja chake. Alichimba upande wa juu, akajaza upande wa chini kwa mawe aliyoyabeba kutoka mtoni, akapima usawa kwa kamba na bomba la mpira lenye maji. Alipomaliza, mabati ya kwanza aliyokuwa amenunua yaliuzwa ili nirudi chuoni muhula wa pili. Hakuna aliyenificha jambo hilo. Ni mimi tu sikuwahi kuuliza yale mabati yalikwenda wapi.

Niliingia garini ili niliondoe. Nilizungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mmoja dhaifu, kama mtu anayeguna usingizini, kisha kimya. Friji, pampu na kompyuta yangu vilikuwa vimenyonya betri zote mbili, jinsi fundi alivyosema. Nikangoja jua lije kuzijaza. Ikaja mvua. Saa tisa alasiri udongo mweusi ulikuwa umemeza magurudumu ya nyuma hadi nusu, nami nimeketi ndani na tangi la maji la lita mia moja, nikiwa nimejitayarisha kwa kila jambo.

Humo ndimo nilimosikiliza ujumbe wa kaka yangu, mvua ikigonga paa, simu ikiwa imebaki na chaji kidogo.

"Omera, habari ya huko," alisema, akiniita kama tulivyoitana tukiwa wadogo, ndugu kwa ndugu. Aliongea polepole, akisimamasimama, kama watu wasiopenda kuzungumza na mashine. Kiwanda kitafungwa kwa ukarabati, amepata wiki tatu. Mabati anayo. Anataka kujenga kabla Mama hajachoka zaidi. "Sitaki kitu chako. Nataka tu uwepo siku ya kuchimba mashimo ya nguzo. Baba hayupo, na mtu hachimbi peke yake kama anayezika." Honi ya trekta ikasikika kwa mbali. "Halafu na wewe utapata nafasi ya kujenga. Najua nimekuchelewesha."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu aibu, na vingine nimevifundisha. Hakuna hata kimoja kilichonitayarisha kwa maneno hayo mawili ya mwisho.

Jumamosi alikuja na trekta la tajiri wake, mabati na mbao zikiwa kwenye trela. Alizima injini nje ya lango. Ni mtu mfupi, mwenye mabega ya kazi. Alilizunguka gari mara moja, mikono nyuma.

"Mkate upo?" aliuliza.

"Umeisha," nilisema.

Alicheka kidogo. Kisha akatazama magurudumu, akatazama turubai la mistari, akaangalia jiko kupitia mlango.

"Umelala siku ngapi?"

"Mbili."

"Umepika?"

"Mayai tu."

"Mayai ni chakula," alisema.

Nilimwambia sikuusikiliza ujumbe wake. Nilitaka aone kwamba nasema ukweli, nikidhani ukweli una uzito wake. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu ambacho hakuwa na nia ya kukinunua.

"Lakini ulinijibu," alisema.

Alikwenda kwa Mama wakazungumza, wakampigia simu baba yetu mdogo anayejua mambo hayo. Nilisimama uani nikiwa na viatu vilivyojaa matope. Jibu lilikuja kupitia kwa Mama. Gari liondolewe. Kiwanja kipumzike siku nne, kisha mzee mwenyewe aje akitazame na kusema kama kinaweza kuchimbwa. Mimi nisilale tena ndani ya boma lile mpaka kaka awe amelala katika nyumba yake. Na siku ya mashimo nisiwepo.

"Nina wiki tatu," kaka alisema, si kwangu. Alikuwa akimwambia Mama, au akijiambia mwenyewe. "Nikitoa siku nne..." Nyumba isipopata paa kabla kiwanda hakijafunguliwa, ingebidi isubiri mwaka mwingine, na Mama hakuwa na miaka ya kuchezea. Kila mmoja wetu alijua hivyo.

Alifunga mnyororo kwenye gari langu na kulivuta. Ndani nilisikia vyombo vikianguka kimoja kimoja, kwa mpangilio ule ule nilivyoviandika. Tangi la maji lilipasuka kwenye kona, lita mia moja zikamwagika juu ya kiwanja chake ambacho tayari kilikuwa kimelowa. Nje ya lango aliunganisha nyaya kutoka betri ya trekta, na gari likawaka mara moja.

Pimamaji ilikuwa imeangukia topeni. Aliiokota, akaipangusa kwa suruali yake.

"Hii ndiyo iliyokwambia uegeshe pale?"

"Ndiyo."

Aliiweka juu ya boneti ya trekta, akalitazama tone likienda na kurudi. "Inasema ukweli," alisema. "Niachie. Nitakurudishia."

Nilikwenda Homa Bay kama nilivyopanga, na hapo ndipo kila kitu kilipoanza kufanya kazi. Fundi wa mjini alinifungia kile kidude cha kutenganisha betri, kazi ya nusu saa. Niliegesha juu ya changarawe, kisiwa cha Takawiri mbele yangu, jua la kutosha, friji baridi, kahawa chini ya turubai. Sikuandika hata ukurasa mmoja. Nilichohesabu ni siku za mtu mwingine: leo mzee amekwenda kukitazama kiwanja, leo wanachimba, leo nani ameshika upande wa pili wa mbao.

Mwanamke aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwa lile, karibu nami alinivumilia siku tatu, kisha akauliza.

"Wewe mzee, nyumbani ni wapi?"

"Uriri."

"Na hii ndiyo nyumba?"

"Ndiyo."

"Na ya Uriri?"

"Bado."

Aligeuza dagaa wake, mkono kwa mkono. "Konokono pia ana nyumba yake mgongoni. Lakini yeye hajasoma." Akafikiri kidogo. "Ukifa watakuzika wapi, pembeni ya gia?"

Wenzake walicheka sana. Nilicheka pia, kwa sababu mtu akicheka haulizwi swali la pili. Baadaye aliniletea sahani ya omena, na nilipotaka kulipa akasema mgeni asiye na nyumba halipi.

Nilimpigia kaka mara mbili. Hakushika. Mara ya tatu nilimtumia ujumbe wa sauti. Niliufuta kabla hajausikia, nikatuma mwingine mfupi zaidi, nao sijui kama aliusikiliza. Nilikuwa nimepoteza haki ya kuuliza.

Siku ambayo likizo yake ilikwisha, Mama alinipigia. "Kaka yako amelala kwake jana," alisema. "Milango haijaja. Ameweka gunia. Sakafu bado mbichi. Lakini amelala, na paa lipo." Nilisikia pumzi yake. "Nimeamka nikasikia mtu akikohoa nje. Nikasema kumbe ni mwanangu."

Nilirudi siku iliyofuata, nikaacha gari nje ya lango. Kaka alikuwa ameshaenda Awendo. Nyumba ilisimama pale nilipokuwa nimekunjua turubai langu, vyumba viwili, udongo ukiwa umekauka juu na mbichi chini, mabati yakiwaka jua. Nilitafuta alama za magurudumu yangu. Zilikuwa ndani, chini ya sakafu yake. Mama alinionyesha upande wa kushoto, penye mteremko na kichuguu cha mchwa. "Pale ni pako sasa," alisema. "Huna wa kumsingizia tena." Nilisema nitakuja mwezi wa kumi kuanza kusawazisha. Mwezi wa kumi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Mwezi wa kumi na moja gari lilipata mnunuzi, na nikajiambia hiyo ni hatua.

Desemba nilikwenda kwa miguu kutoka stendi. Kaka alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake, ambayo sasa ilikuwa na milango, akinoa jembe. Nilimwamkia, akaitikia, akanisogezea kiti. Tuliketi. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka Nairobi, na nilipofungua mdomo nikatazama upande wa kushoto.

Kichuguu hakikuwepo. Udongo ulikuwa umekatwa upande wa juu na kumwagwa upande wa chini, na ukingoni kulikuwa na mawe ya mtoni, yamepangwa mstari mmoja. Kazi ya Jumapili nyingi.

"Ile pimamaji yako ilikuwa imekaa bure," alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye jembe. Aliingia ndani akatoka nayo, akanipa. "Nimeirudisha. Kapime, usije ukasema nimekudanganya."

Nilivuka ua. Nilipiga magoti katikati ya kiwanja changu nikaiweka chini. Tone lilisogea kidogo, likarudi, likatulia. Niliendelea kulitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yangu na sikuwa tayari kuinua uso.